Hiace kuukuu ya dizeli kugeuzwa iwe ya stima, kwa kazi ya mboga inalipa kweli?

MbogaAlfajiri aliandika:

Wadau habari zenu. Niko na Hiace ya 2001 yenye injini ya dizeli ya 5L, ile bodi ya zamani kabla ya ile mpya tunayoita shark, gari imenifanyia kazi sana sitaki kuiongelea vibaya lakini injini imefika mwisho. Asubuhi kuwasha ni vita, moshi mweupe unajaa hadi kwa jirani, na ukifungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma inapumua pale kama sufuria ya githeri. Fundi amesema ringi zimeisha na silinda hedi huenda imepasuka, kwa hivyo hakuna haja ya kufungua, ni kutoa hii na kuweka ingine ya ex-Japan, amenipigia laki mbili na nusu pamoja na kazi yake.

Sasa hapo ndio nikaanza kuwaza. Naona mabasi ya stima ya BasiGo yakinipita kimya kimya, hakuna moshi hakuna kelele, nikajiuliza kama injini lazima itoke kwa nini nirudishe dizeli tena? Kwa nini nisiweke mota na betri mara moja nikaachana na mambo ya petroli stesheni?

Kazi yangu ni kubeba mboga na mayai kutoka Wangige kupeleka kwa mahoteli na maduka ya Westlands, Kileleshwa, Hurlingham. Natoka nyumbani saa kumi alfajiri, saa sita mchana nimemaliza. Kilomita kama 80 kwa siku, siku sita kwa wiki, mzigo hauzidi kilo 800 na unapungua kila nikishusha. Usiku gari inalala kwa boma letu Kinoo, si nyumba ya kupanga, stima iko ya tokeni.

Nauliza hivi, kwanza inawezekana na mafundi wetu wa hapa ama ni ndoto, pili betri ya aina gani na itanifikisha, tatu nijipange na pesa ngapi, na nne NTSA, wale wa serikali wa kusajili magari, watasema nini. Tafadhali msiniambie ninunue gari mpya, hiyo pesa sina.

---

JuuYaKabete alijibu:

Boss mimi si fundi lakini hiyo ruti yako naijua vizuri na kuna kitu umebahatika nacho hujakitaja. Wangige iko juu, Westlands iko chini. Unateremka na mzigo, unapanda ukiwa mtupu. Kwa dizeli hiyo haikusaidii kitu, unachoma breki pedi tu ukishuka Lower Kabete. Kwa gari ya stima ukiachilia mguu mota inageuka jenereta inarudisha chaji kwa betri, na gari ikiwa nzito ndio inarudisha zaidi. Kupandisha gari ya tani mbili na nusu mita 100 kwenda juu kunakula karibu 0.7 ya yuniti ya stima (yuniti ni kilowati moja kwa saa moja), juu ya ile ya kusukuma upepo na kuzungusha magurudumu, sasa wewe unapanda ukiwa mwepesi na unashuka ukiwa mzito, ni kinyume cha watu wengi wanaobeba mzigo hapa mjini.

Halafu nguvu. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na Wangige ni zaidi ya hapo, hewa ni nyepesi, injini ya dizeli isiyo na turbo kama hiyo 5L inapoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu yake kwa sababu hiyo tu. Ndio maana Hiace za zamani zinalia pale kwa mlima. Mota haipumui hewa kwa hivyo haipotezi chochote. Ukiweza fanya hii kitu.

---

FundiVolti alijibu:

Mkuu MbogaAlfajiri, kazi yangu ni stima za magari, nitakujibu lakini si kwa mpangilio wako.

Inawezekana, hiyo isikusumbue. Kampuni ya Opibus walianza hapa Nairobi 2017, ndio hao wanaitwa Roam tangu 2022, na kazi yao ya kwanza kwanza ilikuwa kugeuza magari ya safari, Land Cruiser na wenzake. Ukiangalia kwa nini zile za safari zilifaa utaona yako pia iko mahali pazuri: zinatembea polepole, umbali wa siku unajulikana kabla ya kutoka, na jioni zinarudi kempi ileile kuchaji. Mtu akiniletea van ya leo Machakos kesho Nakuru keshokutwa harusi Nyeri namwambia aweke dizeli tu aendelee. Wewe njia yako haibadiliki na gari inalala mahali kuna stima yako mwenyewe, hayo mambo mawili ni makubwa kuliko mota gani utaweka.

Betri sasa, hapa ndio pesa iko na hapa ndio watu wanaliwa. Hiace inasukuma upepo mwingi na ni nzito, piga yuniti 0.3 kwa kila kilomita, kwa hivyo kilomita 80 ni yuniti 24 kutoka kwa betri. Usiende kununua betri ya Leaf, ile gari ndogo ya stima ya Nissan, ya yuniti 24 ukadhani umepata saizi yako. Zile Leaf za kwanza betri yake haina maji ya kuipoza, inategemea hewa, na nyingi zilizobaki zimechoka, ukiona dashibodi imebaki na vijiti 8 kati ya 12 jua karibu theluthi imeenda. Mtu yeyote akikuuzia betri ya Leaf mwambie subiri, chomeka kale kadude ka OBD ka kusoma kompyuta ya gari, fungua app ya LeafSpy kwa simu, usome SOH (asilimia ya uwezo uliobaki kwa betri) wewe mwenyewe na uangalie kama seli zote ziko karibu karibu. Akikataa ondoka.

Mimi ningetafuta Leaf ya yuniti 40 iliyogongwa mbele au pembeni, zilianza kutoka Japan mwishoni mwa 2017. Ikiwa na SOH ya 80 uko na yuniti 32, hutaki kuijaza hadi pomoni kila siku wala kuimaliza kabisa, kwa hivyo hesabu yuniti 27 za kutumia bila woga. Inakutosha lakini haibaki kubwa, siku ya mvua na jam ya Westlands na hita ya kutoa ukungu kwa kioo itakuwa imekaza. Njia ingine ni seli mpya za LFP, aina ingine ya betri ya lithiamu, hizi ni nzito kidogo kwa kila yuniti lakini zinavumilia kuchajiwa mara elfu kadhaa na hazishiki moto kirahisi, shida ni bei na zinataka BMS, kompyuta ya kulinda na kusimamia seli, iliyofungwa na mtu anayejua anachofanya.

Uzuri wa kununua Leaf nzima iliyogongwa ni kwamba unapata mota, inveta ya kuilisha mota stima kutoka kwa betri, chaja, DC-DC ya kuchaji betri ndogo ya 12V, nyaya za chungwa, kila kitu. Mota yake ni kilowati 110, kwa Hiace inatosha na inabaki.

Sasa kazi ya chuma. Leaf inavuta mbele, Hiace inasukuma nyuma na propela. Unatoa mota kwa gia boksi yake ya Leaf, unaifunga kwa gia boksi yako ya Hiace ukitumia plati ya kukereza, na katikati kuna kapula inayounganisha shafti ya mota na ile ya gia boksi. Hiyo kapula usimpe mtu wa kuchomelea pale kando ya barabara. Nimeona moja iliyochomelewa imepinda kidogo sana, kwa macho huwezi kuona, gari ikifika kilomita 50 kwa saa inatetemeka yote, na bearing ya gia boksi ilikufa mapema sana. Fundi wa kukereza vyuma pale Industrial Area aweke dayo geji, kile kipimo cha sindano, azungushe kwa mkono aone sindano haichezi, ndio afunge. Hii kazi ya siku moja ndio inaamua gari itakaa ama itakusumbua maisha.

Vitu ambavyo watu husahau: ukitoa 5L unatoa pia vakyumu pampu, iko nyuma ya altaneta. Bila hiyo busta ya breki haifanyi kazi na utakanyaga pedali ikiwa ngumu kama jiwe huku umebeba mayai ukishuka. Lazima uweke vakyumu pampu ya stima na swichi yake ya presha, na uijaribu gari ikiwa imesimama kabla hujatoka geti. Pampu ya pawa stelingi pia ilikuwa inazungushwa na injini, weka ya stima. Spidi mita iko kwa gia boksi kwa hivyo hiyo inabaki sawa.

---

Hesabu_Kwanza alijibu:

Nimesoma yote na naheshimu utaalamu wa FundiVolti lakini tafadhali tuweke namba mezani kwa sababu huyu ndugu anasema ni biashara.

Dizeli tuseme 170 kwa lita na hiyo Hiace inaenda kilomita 9 kwa lita na mzigo. Kilomita 80 ni shilingi 1,500 kwa siku hivi. Stima, yuniti 24 kwa betri lakini chaja inapoteza kidogo kwa joto kwa hivyo kwa mita itasoma 27. Bei ya nyumbani na tozo zote piga 28, hiyo ni kama 750. Unaokoa 750 kwa siku, siku 26 kwa mwezi ni elfu 19 na kitu, kwa mwaka kama laki mbili na elfu 35.

Ubadilishaji kamili sioni ukishuka chini ya milioni moja na nusu ukihesabu Leaf ya kubomoa, kazi ya chuma, nyaya, pampu na zile siku gari imekaa gereji hauuzi. Mimi naweka milioni 1.6. Toa laki mbili na nusu ya injini ambayo ungenunua kwa vyovyote, inabaki milioni 1.35. Gawa kwa laki 2.35 kwa mwaka, ni karibu miaka sita kurudisha pesa, na betri yenyewe ni ya mkono wa pili, na bodi ni ya 2001. Mkopo ukiwa na riba ndio kabisa haifiki.

Sisemi usifanye kwa sababu sipendi stima, naipenda na natamani tuwe na Hiace za hivyo zimejaa Nairobi. Nasema kwa hii bei ya umeme ya nyumbani haijalipa.

---

FundiVolti alijibu:

Hesabu_Kwanza uko sawa kabisa kwa bei ya nyumbani, na tena ukichaji gari nyumbani utakuwa unatumia zaidi ya yuniti 700 kwa mwezi kwa hivyo hata yale matumizi ya nyumba yanahamia ile bendi ya juu ya zaidi ya 100. Lakini kuna bei ya e-mobility, yaani ya kuchaji magari ya stima, ambayo EPRA, wasimamizi wa bei za umeme, waliweka 2023 kwa shilingi 16 kwa yuniti na 8 kwa masaa ya usiku, kabla ya tozo na kodi. Inataka mita yake ya kuchajia gari peke yake. Ukiongeza hizo tozo tuseme inafika 15 usiku, yuniti 27 ni kama 400. Hapo unaokoa 1,100 kwa siku, karibu laki tatu na nusu kwa mwaka, na miaka sita inakuwa kama minne. Bado ni pesa nyingi lakini ni hesabu tofauti.

Lakini angalia saa zako. Off-peak, yaani masaa ya bei ya chini, siku za kazi ni saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wewe unatoka saa kumi alfajiri. Uko na masaa sita ya bei ya chini. Chaja ya ndani ya Leaf ya kilowati 3.3 kwa masaa sita inaingiza karibu yuniti 20, haifiki. Ile ya 6.6 inaingiza karibu 40, inafika na inabaki. Kwa hivyo ukitafuta Leaf ya kubomoa uliza chaja ni ya ngapi kabla ya kuuliza bei. Na usichaji kwa soketi ya kawaida ya ukutani ile ya pini tatu, kuvuta ampia kumi usiku mzima kwa soketi iliyolegea ndio nyumba zinaungua, mwambie fundi wa stima avute waya mnene kutoka kwa bodi ya mita na breka yake peke yake na aati ya kweli iliyochimbwa chini.

---

DadaWaDelivari alijibu:

Ndugu najua umesema usiambiwe ununue gari ingine lakini naomba unisikilize kidogo. Kama kweli unaweza kupata milioni 1.6, hiyo si tena pesa ya kurekebisha gari, ni pesa ya kununua gari. Nissan walitengeneza van ya stima kutoka kiwandani, e-NV200, mota na betri za ukoo mmoja na Leaf, mwanzo yuniti 24 halafu baadaye wakaweka 40, na Japan na Uingereza zote ni za usukani wa kulia kama zetu. Sheria inataka gari lisizidi miaka 8 likiingizwa nchini, kwa hivyo tafuta zile za yuniti 40 za miaka ya mwisho, na ushuru wa bidhaa kwa magari ya stima ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10 tangu 2019. Mlango wa pembeni unateleza, sakafu iko chini, kupakia trei za mayai ni rahisi kuliko Hiace.

Ubaya wake ni ndogo, mzigo wake unakaribia kilo 700 hivi kwa hivyo hizo 800 zako hazitaingia zote na inabidi ujipange upya. Lakini breki, logibuku, bima, kila kitu kimekuja tayari na hakuna kapula ya kukufanya usilale. Uliza bei yake ikifika Mombasa na ushuru kabla hujampa mtu yeyote deposit ya Leaf ya kubomoa.

---

MbogaAlfajiri aliandika:

Asanteni sana sikutarajia majibu ya namna hii. Dada nimekusikia, nitauliza hiyo bei wiki hii. Kilo 700 inaweza kunitosha kama nitapeleka sukuma wiki na mayai kwa raundi mbili lakini raundi mbili ni kilomita zaidi, sasa hapo tena betri.

FundiVolti swali, je kuna mtu wa kuangalia betri mchana nikiwa kazini? Yaani gari ikisimama katikati ya Waiyaki Way nafanya nini? Na watoto wanacheza karibu na gari jioni, nimesikia hiyo stima inaua.

---

FundiVolti alijibu:

Hiyo ya watoto umeuliza vizuri na nataka kila mtu anayesoma hapa aiweke akilini. Betri ya Leaf ikijaa iko karibu volti 400 za DC. Ya nyumbani ni 240 na inakuua, hii ni zaidi, na DC ikianza kuruka cheche kati ya nyaya mbili haizimiki yenyewe vile AC inavyozimika. Ikiwa imefungwa vizuri watoto wanaweza kucheza chini yake salama, kwa sababu kuna kontakta, swichi kubwa za stima, ndani ya boksi la betri ambazo zinakata stima gari ikiwa imezimwa, hakuna stima inayotoka nje. Ikifungwa vibaya, mtu akaruka kontakta ama akaweka nyaya za kawaida bila fyuzi ya DC, huo ni mtego.

Kwa hivyo usikubali gari kama haina hivi: fyuzi ya DC ya volti hizo si ya gari ya kawaida, kontakta mbili na rezista ya kuchaji inveta polepole kwanza, swichi ya mkono ya kukata betri mahali wewe dereva unaifikia, nyaya za chungwa zimepita ndani ya bomba mbali na mahali jiwe linaweza kugonga, na kifaa kinachokuambia kama stima inavuja kwa bodi. Na fundi akianza kazi bila glovu za volti 1,000 na bila kusubiri kapasita za inveta ziishe chaji baada ya kukata, mtoe hapo hata kama ni binamu yako.

Ikisimama barabarani, mara nyingi si betri kubwa, ni ile ndogo ya 12V imekufa na kontakta zinakataa kuunganisha. Beba nyaya za kujampu kama gari yoyote. Na BMS itakuonyesha kila seli kwa skrini ndogo, ukiona moja inashuka kuliko wenzake siku tatu mfululizo ipigie fundi kabla haijakuangusha.

---

MakaratasiTu alijibu:

Mimi nijibu la NTSA kwa sababu hakuna aliyegusa. Logibuku yako ina namba ya injini, cc (ukubwa wa injini) na aina ya mafuta. Ukitoa 5L ukaweka mota hayo yote yamebadilika, na gari yenye vitu tofauti na logibuku utasumbuliwa kwa ukaguzi na kwa polisi. Unaomba mabadiliko kwa eCitizen, gari inapelekwa kukaguliwa, halafu logibuku inatolewa upya. Weka kila risiti, ile ya Leaf iliyogongwa na karatasi zake za ushuru, ya betri, ya gereji, na barua ya fundi aliyefanya kazi inayosema alifunga nini. Bila karatasi ya asili ya mota utaonekana umeweka kitu cha wizi.

Bima waambie kabla, kwa maandishi. Kuna mtu namjua aligeuza gari kutoka petroli kwenda gesi akanyamaza, ilipopata ajali kampuni ilikataa kulipa kwa sababu gari waliyoandika kwa fomu si gari iliyogongwa. Nafikiri kwa stima watauliza maswali zaidi, pengine wataomba ripoti ya injinia, sasa afadhali ujue hiyo bei mapema uiweke kwa ile hesabu ya Hesabu_Kwanza.

---

Hesabu_Kwanza alijibu:

Ndio, ongeza bima na ukaguzi. Mimi nimebadilisha mawazo nusu. Kwa bei ya usiku ya e-mobility na chaja ya 6.6 ningefikiria, kwa bei ya nyumbani hapana. Kwa hivyo hatua ya kwanza si gereji, ni kwenda Kenya Power kuuliza hiyo mita utaipata lini na kwa pesa ngapi hapo Kinoo. Wakikuambia miezi nane basi weka injini ya ex-Japan uendelee na kazi, mahoteli hayangoji.

---

FundiVolti alijibu:

Naongeza moja tu. Kabla ya Kenya Power, kabla ya Leaf, kabla ya kila kitu, weka Hiace juu ya jeki Jumapili na ulale chini yake na bisibisi kubwa na taa. Gonga pale chesisi inapokutana na mabano ya springi za nyuma, gonga sakafu chini ya viti vya mbele, gonga kando ya magurudumu ya nyuma mahali maji ya mboga yamekuwa yakidondoka miaka yote. Bisibisi ikirudi na sauti ya chuma, gari inastahili kuwekwa betri ya kilo 300. Ikiingia ndani, hata kama ni mahali pamoja tu hapo kwa springi, weka ile injini ya laki mbili na nusu na uanze kuweka akiba ya ile van ya Dada. Piga picha utume hapa tutaangalia pamoja.